Nimemfinyanga Mkwe Ambaye Sijawahi Kumwona

Bi. Chiku mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie, maana furaha niliyoipata mwezi huu imegeuka ugomvi na sijui nishike lipi. Mimi ni Andendekisye, mke wa Jailos, seremala wa hapa Mbeya, na kwetu ni Ikombe, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambako msichana hujua kufinyanga kabla hajajua kupika, na nilipoolewa huku nikawa nauza vyungu sokoni pamoja na wanyama wadogo wa udongo, ndipo akaja Bwana Silvester, msimamizi wa bustani ya mji, mtu wa Tosamaganga, akamshika kifaru wangu, akacheka, akauliza, "Mama, unaweza kufanya kitu kikubwa kama mtu?" Nikasema naweza, ingawa moyoni sikuwa na hakika.

Alitaka sanamu zisimame kando ya njia yote ya bustani, kutoka langoni hadi kwenye kijito, ili mtu akitembea azikute moja baada ya nyingine. Bi. Chiku, nilifinyanga kiangazi kizima. Ya kwanza ilipasuka motoni nikalia, ya pili nikaichoma vipande vipande, kichwa peke yake, kifua peke yake, Jailos akaviunga kwa saruji na vyuma, ikasimama! Nikaweka mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani, wasichana wanaotwanga, mpiga ngoma, na mwisho kabisa, karibu na maji, mzee anayecheka ameegemea jembe.

Siku ya kufunguliwa watu walijaa, wa Tukuyu, Wasafwa wa mlimani, wenye maduka na wake zao, watoto wa shule wakawa wanamwamkia yule mwanamke wa ndizi. Walipomfikia mzee, mtu akapaza sauti, "Jamani, si baba yake Jailos huyu?" Wote wakaitikia, ndiye, ndiye, mpaka kidevu!

Sasa kwa desturi yetu mke hamwoni baba mkwe wala hatamki jina lake, ndiyo maana hata hapa siliandiki. Nikisikia anakohoa njiani najifunika nguo naingia vichakani, na tangu niolewe sijauona uso wake. Uso ule niliutoa kwa mume wangu nikauzeesha. Lakini baba zake wadogo wanasema nilikuwa nachungulia, wanataka niivunje sanamu mwenyewe mbele ya watu, ama nirudi Ikombe. Jailos ananiambia, "Sikutumi uivunje, lakini wale ni baba zangu." Bwana Silvester anasema sanamu ni za mji, asiziguse mtu. Niivunje nipate amani, au niiache nikose ndoa?

Andendekisye, Mbeya

Mwanangu Andendekisye,

Marahaba. Hongera kwanza, maana mji mzima umeutambua uso ambao mfinyanzi hakuuona. Sasa kaa nikuseme. Kila mtu huko anajua mumeo kafanana na nani. Uliwezaje kumsimamisha mzee bustanini bila kumnong'oneza mama mkwe wako? Hapo ulikosea, na ni hapo tu. Na huyo Jailos, mwambie Bi. Chiku kasema hivi: mwanamume aliyekoroga saruji kwa mikono yake hawezi kukaa pembeni kama mgeni, na hasa kwa kuwa uso wenyewe ni wake!

Nimeirudia barua yako nikitafuta neno la mzee mwenyewe, sikuliona. Wadogo zake wamesema, mji umesema, soko limesema. Yeye je? Hakuna aliyemuuliza!

Basi usishike nyundo. Mtume Jailos kwa mama yake, aeleze uso ule ulitoka wapi, kisha ampeleke baba yake bustanini, nawe ubaki nyumbani. Mzee akisema ivunjwe, Jailos azungumze na Bwana Silvester, kisha yeye ndiye aivunje, nawe ufinyange nyingine. Ufundi wako hautavunjika nayo. Akisema ikae, wadogo zake hawana kauli mbele ya kaka yao.

Wasomaji wangu, jibu hilo nililituma kwa posta kwanza, kwa kuwa mambo ya ndoa hayangoji gazeti. Andendekisye ameniandikia tena. Anasema mzee alikwenda, na wadogo zake wote nyuma yake. Aliizunguka sanamu, akaigusa kidevu, akainama kuyatazama meno yake. Kisha akawageukia nduguze.

"Mnasema alinichungulia? Angenichungulia angeona pengo langu hapa mbele. Huyu ana meno yote!"

Akafungua kinywa wakaona wenyewe. Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na maneno ya kumrudisha Ikombe yakaishia hapo kijitoni. Jioni mama mkwe akaja na ujumbe wa mzee: "Mwambieni mke wa Jailos amefanya vizuri, lakini mtu kama mimi hasimami peke yake. Aniwekee ng'ombe."

Haya, mwanangu. Kachimbe udongo.

Bi. Chiku, Iringa