Bati la Dohani na Mbegu za Mama

Mjukuu wangu Neema,

Mnaendeleaje na joto la Kamsamba? Huku Mbozi ni baridi, ila sote tu wazima. Usicheke, nina miaka kumi na sita, lakini kwa ukoo mimi ni babu yako.

Umeuliza kama mahindi ya mbegu yalipona. Unakumbuka mama yangu huyatundika jikoni kando ya dohani, yapate moshi. Paa lilipovuja hapo, niliona aibu kuuliza mtu, nikapanda paani mwenyewe. Bati jipya la kuzungushia dohani nilililaza juu ya mabati ya paa pande zote. Mvua ilipokuja, maji yakapenya upande wa juu, yakazimwagikia mbegu.

Mama alisimama chini ya ngazi, akanitania mimi mwanafunzi: "Mwalimu, vitabu vyako vinasema maji hupanda mlima? Upande wa juu, lichomeke chini ya bati la paa."

Nililichomeka. Paa halivuji tena.

Mbegu tulizianika, tukazipanda. Hazijaota. Kila asubuhi napita shambani kabla ya shule. Jana nilimkuta Mama ameshafika, ameinama anatazama udongo.

Tuombee mbegu ziote.

Babu yako mdogo,
Elia