Figa la Bibi na Mawe Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Septemba 1951
Nimefika tena wa kwanza darasani. Mitwero hadi Lindi mjini kwa miguu, jua halijakolea. Banda la bati, benchi nne, wanafunzi kumi na mmoja. Wiki ya pili ya kozi ya mawe, na mtaani bado wananicheka. Mama yake Kasimu, mwenzangu wa benchi, ameuliza kama mwakani tutasomea vumbi.

Leo mkufunzi wetu, Bwana Hadley, kabandika masharti ukutani. Nimeyanakili. Kutokosa siku hata moja. Daftari lisichanwe ukurasa. Mtihani mwisho wa mwezi. Na kubwa lao: kila mtu alete mawe kumi na mawili, aina mbalimbali. Kila moja lipasuliwe lionekane ndani. Liwe na kadi: jina la nyumbani, jina la kitabuni, mahali lilipotoka. Yatabaki hapa chuoni. Likipungua moja, hakuna cheti.

Bila cheti hakuna safari ya bara na wapima ardhi. Nitarudi bandarini kubeba marobota ya katani. Miaka minne nimeyabeba. Sitaki tena.

Jumatano, 5 Septemba
Aibu ya darasa zima. Kadi zetu za kwanza, kwenye jina la nyumbani, tumeandika: kinoo, figa, jiwe la kusagia. Bwana Hadley kauliza huo mwamba wa figa uko wapi, anataka kuuona. Tumecheka mpaka benchi likalia. Kasimu kamweleza: figa ni kazi, si kabila. Jiwe lolote likibeba chungu jikoni ni figa. Likitoka hapo ni jiwe tu.

Naye kacheka, kaandika. Halafu kauliza: na hamuulizi limetoka wapi? Hakuna aliyewahi kuuliza. Swali hilo linaniwasha hadi sasa.

Kasimu pia kaleta sandarusi. Anasema babu yake aliichimba ardhini, kwa hiyo ni jiwe. Bwana Hadley kaiwashia kiberiti. Ikawaka, ikanukia banda zima. Utomvu wa mti wa zamani. Kasimu kabaki na mawe matano.

Mimi ninayo kumi na moja. Tumbawe, jiwe la chokaa, jiwe la mchanga la rangi tatu, na mengineyo. Lililobaki ni moja tu, lakini kila ninalookota ni ndugu wa niliyonayo.

Jumamosi, 8 Septemba
Kilangala, kwa Bibi. Nimefanya ujinga.

Nilifika yuko shambani kung'oa mihogo. Nikaingia jikoni kutafuta maji. Mafiga yake matatu. Mawili ni ya mchanga, kama ya kila jiko la hapa. La tatu nilizoea kuliona jeusi, nikidhani ni masizi. Nimekula chakula chake tangu nina meno, sijawahi kuliangalia. Leo nikalikwangua kwa kisu. Chini ya masizi lina mistari, mweusi kwa mweupe, na chembe nyekundu. Jiwe kama hili sijaliona pwani yote hii.

Sikuuliza. Nikachukua nyundo. Pigo moja, vipande viwili. Ndani linang'aa, chembe nyekundu zimejaa. Nilifurahi peke yangu kama mwehu.

Bibi akaingia na kapu kichwani. Shikamoo yangu hakuiitikia. Ameokota vipande, amevipangusa kwa kanga, ameviweka kitandani kwake. Chakula amekwenda kupika kwa jirani.

Jumapili, 9 Septemba
Najichukia. Figa moja haliinjiki chungu, tunasema kila siku, na mimi nimemwachia mawili ambayo nayo hayainjiki.

Adhuhuri aliniita. Siku zote huniita mume wangu, kwa utani. Leo kaniita kwa jina.

"Athumani, umevunja la mama."

Ndipo akasimulia. Wakati wa vita, yeye bado kigoli, walikimbia kutoka Masasi, nyumba yao ilikuwa chini ya mlima wa mwamba mtupu. Yeye alibeba chungu. Mama yake alibeba figa moja, kalifunga kwa nguo. Njiani watu walimcheka: unabeba jiwe, unakokwenda hakuna mawe? Alijibu kwamba moto wake haujui mawe ya watu. Walifika Kilangala. Njaa ikaja, mama akafa. Figa likabaki.

Hajawahi kuniambia. Sikuwahi kuuliza.

Nimemwachia vipande vyote viwili. Nimemwambia nitatafuta jiwe jingine.

Jumamosi, 22 Septemba
Wiki mbili, kila baada ya darasa, kando ya mito na machimbo ya mchanga. Hakuna. Mtihani Ijumaa. Usiku naota marobota.

Leo nimekwenda Kilangala kumpelekea Bibi mafiga mapya, yote matatu, ili nami nipate kulala. Nimemkuta ameshaweka bonge la kichuguu badala ya lile lililovunjika. Chungu kimetulia. Kaniitikia marahaba. Kauliza jiwe langu la kumi na mbili liko wapi. Nikamwambia sina, na safari imekufa. Kauliza safari inapita wapi. Nikamtajia miji. Masasi imo.

Kaingia ndani. Katoka na vipande viwili.

"Kimoja wape hao wa mjini, mume wangu. Kingine kirudishe kwao."

Nimelia. Liandikwe hivyo hivyo.

Ijumaa, 28 Septemba
Mtihani wa kuandika si kitu. Mawe ndiyo yamenitoa jasho.

Bwana Hadley kaanza kwenye tumbawe, kaenda moja moja. Kafika la kumi na mbili. Jina la nyumbani: figa. La kitabuni: naisi. Mahali: Masasi, chini ya mlima wa mwamba, kwa kichwa cha mama yake Bibi hadi Kilangala. Kasoma mara mbili. Kauliza kama nimefika Masasi. Sijafika. Basi nimejuaje? Bibi kaniambia. Kasema kuambiwa si ushahidi, masharti yanataka mahali panapojulikana.

Halafu kachukua kioo chake cha kukuzia. Kaliinamia muda mrefu. Kafungua ramani, kapitisha kidole kutoka pwani kwenda bara, mbali, siku nyingi za miguu. Kasema pwani hii hakuna mwamba wa namna hii, na haliwezi kuwa limekuja lenyewe.

"Bibi yako anasema kweli. Jiwe yake pia inasema."

Ngeli zimemshinda, lakini nimemwelewa. Kumi na mawili. Cheti ninacho.

Kasimu kabaki kumi na moja. Kasema atarudi mwakani, sandarusi ataiacha kwa babu.

Alhamisi, 15 Novemba
Masasi. Tumepiga hema jana.

Nimepanda peke yangu asubuhi hadi mwamba unapoanzia. Mlima mtupu, mweusi kwa mweupe. Nilitoa kipande nikakiegemeza. Mistari ile ile, chembe zile zile. Sikujua nyumba ilikuwa wapi hasa. Nimekiacha kwenye kivuli, masizi yake yakiwa yamegusa ardhi.

Nimechagua jingine la kumpelekea Bibi, kubwa kiasi cha figa, linalokaa bila kutikisika. Nimelifunga kwa shuka langu. Wenzangu wananicheka: huko Lindi hakuna mawe?

Kadi nimeiandika. Jina la nyumbani: figa. Mahali: hapa. Sijalipasua.