Safu ya Nne ya Daftari la Jumuiya

Jumanne, 3 Juni
Alama ya biashara ya wateja wetu wa dawa imesajiliwa. Wageni hao kutoka nje wamefurahi, bosi wa ofisi yetu ya sheria kafurahi, mimi nimepewa soda. Sasa imebaki kuwasajili kwa Tume inayolinda faragha za watu kama wakusanyaji wa taarifa binafsi, ndipo waruhusiwe kuuza dawa kwa simu. Tamko lao nimeliandika mwenyewe: "Taarifa zote zimekusanywa kwa ridhaa ya mhusika." Sentensi nzuri. Nimeisoma mara mbili.

Alhamisi, 5 Juni
Wageni wanataka orodha ya watu halisi wa kujaribia mfumo. Majina, simu, matatizo ya afya. Mwisho kesho. Bosi kasema, "Wewe ndo mwenyeji, tafuta."

Kwenye kompyuta ya ofisi nimechapa nakala ya daftari la jumuiya yetu ndogo ya sala, Madale. Mimi ndiye katibu na nyumbani sina kompyuta. Lina safu nne: jina, simu, mtaa, nia ya maombi. Hiyo ya nne niliibuni mimi. Zamani mtu alitaja nia yake kwa mdomo Jumamosi asubuhi, tukasali, ikaishia pale pale jamvini. Nikasema tuandike ili tusimsahau mtu. Walinipigia makofi.

Nimetuma. Majina ya jumuiya nzima. Ni majaribio tu.

Jumamosi, 7 Juni
Jumuiya ilikuwa kwa Mzee Komba, mwenyekiti. Nimesoma nia kama kawaida. Nilipofika kwa Agnes nilisoma harakaharaka. Ni mwalimu wa chekechea, anaolewa Agosti. Nia yake: kifafa kisirudi. Kimemwacha miaka mitatu. Sisi tunajua, upande wa mchumba haujui. Anasema atamwambia mwenyewe, akijipanga. Watu wa huku kwa umbeya hawajambo, lakini nia za jumuiya hazijawahi kutoka nje.

Jumatano, 18 Juni
Wageni wamepata cheti cha Tume. Keki ofisini. Nimekula vipande viwili.

Ijumaa, 20 Juni
Mzee Komba kapata ujumbe: dawa ya tezi dume, ataletewa hadi mlangoni. Kanionyesha huku anacheka. "Katibu, we msomi. Hawa wamenijuaje?" Nikamwambia siku hizi simu zinasikiliza, mzee. Uongo mtupu, tena kwa mtu niliyemwamkia shikamoo dakika hiyo hiyo.

Nimewaandikia wageni wafute orodha. Wamejibu kwa heshima zote. Kwa mujibu wa tamko, ridhaa ipo. Tamko langu.

Jumapili, 22 Juni
Kikao cha harusi ya Agnes, Boko, kwa shangazi wa mchumba. Mke wangu alikuwepo. Agnes alimpa shangazi simu atazame picha za vitambaa. Ujumbe ukaingia: "Agnes, usikose dawa zako za kifafa." Shangazi akausoma kwa sauti mbele ya kamati nzima. Agnes akachukua mkoba akatoka, simu akaiacha mikononi mwa yule mama. Kikao kimeahirishwa. Hawakusema hadi lini.

Mke wangu alinihadithia nikiwa napalilia. Sikuinua kichwa. Nimeng'oa magugu na mchicha wenyewe.

Jumatano, 25 Juni
Mchumba hajafika kwa kina Agnes tangu Jumapili. Kazini kwake Wazo ni karibu, kwa mguu angefika. Mimi nimekaa ofisini nikimwandikia mteja mwingine maelezo ya sheria ya faragha. Nimejichukia.

Jumamosi, 28 Juni
Jumuiya wamepata mchawi wao: Mama Sabina, mjane muuza vitenge. Kisa ana mdomo. Leo alikaa karibu na mlango na hakuna aliyekaa naye. Nia nazo zimekauka. Kila mtu, "shukrani tu." Mama aliyekuwa akiombea figo zake mwaka mzima, shukrani tu.

Nami nikaongoza rozari, sauti nzuri kabisa. Mimi ni mwoga. Ningesema neno moja, yule mama angepumua.

Jumatatu, 30 Juni
Agnes amekuja nyumbani na fomu ya malalamiko ya Tume. "Shikamoo, Katibu. Nisaidie kuandika, wewe ndo unazijua hizi sheria." Mke wangu akamletea chai.

Tukajaza. Jina lake, jina la kampuni, siku ya ujumbe. Tukafika pale panapouliza taarifa zilitolewa na nani, kama unajua.

"Hapo weka sijui," akasema.

Nikaandika majina yangu. Yote matatu, kwa herufi kubwa. Nikamsogezea.

Alisoma muda mrefu. Kisha akauliza, "Ile safu si ulituambia ni ya maombi tu?"

Nikasema ndiyo.

Akasaini, akaondoka. Chai hakuigusa. Mke wangu ameisoma sura yangu, akakirudisha kikombe jikoni.

Jumatano, 2 Julai
Nimemwambia bosi kwamba nimetajwa. Kaniambia nibaki nyumbani mpaka aniite. Hataniita.

Jumamosi, 5 Julai
Niliomba zamu ya leo iwe kwa Mama Sabina. Nimesema yote kabla ya sala ya kwanza. Nikamwomba radhi yeye kwanza, halafu wengine. Aliendelea kupanga viti. Mzee Komba akachukua daftari akaliweka chini ya kiti chake.

Agnes hakuja. Mchumba bado kimya.

Ulipofika wakati wa nia, hakuna aliyefungua mdomo. Mzee Komba akanigeukia. "Na wewe? Toka tuanze kuandika, kwako pako wazi."

Ni kweli. Mstari wangu, safu ya nne, sikuwahi kujaza. Nikataja nia yangu kwa mdomo, mbele yao wote. Wakaiombea.

Hakuna aliyeandika.