Tuyo ya Moshi ya Gari ya Alfani

Kolwezi, tarehe 12 mwezi wa tano 1987

Kwa Tata Badibanga, ku Lubudi,

Tata, jambo sana. Afya yako iko namna gani? Mugongo iliacha kukuuma? Na mihindi ya mwaka huu, ilikubali? Huku mi na batoto tuko bazima, Mungu anatuchunga.

Najua miaka mbili inapita bila barua. Ku matanga ya bwana yangu Mwamba ulisema mwanamuke hawezi kulala chini ya magari ya bantu. Mi nikabaki na atelier yake ya kutengeneza magari, we ukarudia Lubudi, na kila mutu akanyamaza. Leo ninaandika juu ya kitu nilikiona, na sina mutu mwingine wa kumuambia mwenye kuelewa.

Bwana Alfani, ule musafirishaji wa njia ya Sandoa, aliniletea Land Cruiser yake. Iko na turbo. Tuyo ya moshi, ile bomba ya kupeleka moshi inje, ilioza. Banafundi bengi baliifunga-funga na waya na mabati, haijulikane tena ilikuwa na upana gani. Nikafungua ile turbo, nikaitosha juu ya kuisafisha. Tata! Ndani muko gurudumu moja ndogo, haijae hata mu kiganja yangu. Moshi ikitoka mu motere inaipiga, inazunguka. Ku ngambo ingine ya chuma ileile kuko gurudumu ya pili, inavuta hewa na kuisukuma mu motere. Kitabu inasema inaweza kuzunguka mara elfu mia moja mu dakika moja. Niliishika mu vidole, nikapuliza polepole, vile unapuliza chai ya moto. Ikazunguka. Nikapuliza tena. Ile moshi tunaitupaka inje siku zote kama takataka, kumbe inaweza kuipatia motere pumuzi!

Niko na tuyo tatu: milimetre 45, 63, na 76. Huku kila fundi anasema yake. We ulitengeneza mashini ya muvuke miaka makumi tatu ku njia ya Dilolo. Nikamate gani?

Mutoto yako,
Kabedi


Lubudi, tarehe 24 mwezi wa tano 1987

Mama Kabedi, we mwenye jina ya mama yangu,

Salamu mingi. Mugongo iko palepale, lakini ninalima. Mihindi ilikubali, mihogo hapana. Ubusu batoto bote.

Barua yako niliisoma mara ine. Maneno ya ku matanga tuiache kwanza.

Sikiliza. Ku lokomotivu, ule kichwa ya treni, muvuke ikimaliza kusukuma pistoni, inatokea ku mudomo moja mwembamba chini ya shimini, bomba ya moshi. Juu ya vile mudomo ni mwembamba, muvuke inatoka na nguvu, na ile nguvu inavuta hewa mu moto mbaka moto inalia. Siku moja ku Mutshatsha fundi mumoja alipanua ule mudomo. Moto ikalala. Treni nzima ikasimama mu kilima kama ngombe muchovu, na sisi tukashuka kuiangalia.

Kamata 45. Moshi inapenda kubanwa. Nimesema.

Tata yako,
Badibanga


Kolwezi, tarehe 20 mwezi wa sita 1987

Tata,

Habari ya huko? Huku tuko bazima, lakini roho haitulie.

Nilikamata 45, vile ulisema. Niliisude muzuri, chuma na chuma ikashikana na moto, hakuna fasi moja ilivuja. Alfani akapakia bantu saba, na mama yake mwenyewe, Mama Asia, akaikala mbele. Mbaka Mutshatsha gari ilienda, hata kama ilikuwa nzito. Kisha kupita Mutshatsha, mu muchanga, ku kilima, ikakosa nguvu. Moshi mweusi. Alfani akakanyaga, ikakataa, akakanyaga tena. Halafu mutu mumoja nyuma akalalamika: "Miguu yangu inaungua!" Kapeti ilikuwa inawaka. Balifungua kapo, kifuniko ya motere: turbo na mwanzo ya tuyo ilikuwa myekundu kama makala ya moto, na jua ilikuwa juu kabisa! Bantu baliruka. Mama Asia alianguka, mukono yake ikavunjika. Moto baliizima na muchanga.

Nilienda na kamiyo, gari kubwa ya mizigo, kuvuta ile gari. Kufika ku atelier Alfani akaniambia:

"Mama Kabedi, sikulaumu. Lakini sikupatii tena gari yangu mbaka unielezee ni juu ya nini."

Banafundi ba kando yangu banacheka: mwanamuke na tata yake wa treni.

Tata, sina kasirani. Tulikosea, na sijue tulikosea fasi gani. Niambie.

Mutoto yako,
Kabedi


Lubudi, tarehe 3 mwezi wa kumi 1987

Mama Kabedi,

Minakusalimia we na batoto. Umupatie Mama Asia pole yangu. Mukono yake iko namna gani sasa?

Miezi mitatu na zaidi sikuandika. Kila siku ya Mungu nilikamata kalamu, nikaiweka. Haya ilinifunga. Nilikuambia "nimesema" kama vile mi niko padri, na mama ya mutu akaanguka.

Juma iliyopita nilienda ku depo ya treni. Kuko lokomotivu moja ya zamani inaoza mu majani, mi mwenyewe niliitengeneza zamani. Nilifungua mulango ya mbele, nikaingia fasi ya moshi, mi muzee wa miaka makumi sita na nane, nikaikala mule na masizi. Nikaweka mukono ku ule mudomo mwembamba. Nikakaa mbaka jua iligeuka. Halafu nikaona.

Kabedi, muvuke yangu ikifika ku mudomo ilikuwa na kazi moja bado: kuvuta moto. Kwa hiyo tuliibana. Moshi ya turbo, kazi yake iliisha ku gurudumu. Mbele ya kufika ku gurudumu, iko mutumishi. Ikipita gurudumu, imemaliza, inataka kuenda kwao. Ukiibana pale nyuma, inakosa fasi, inarudi kusukuma gurudumu, na joto inabaki palepale mbaka chuma inakuwa myekundu. Miaka makumi tatu nilifikiri moshi ni kitu kimoja tu. Kumbe unapashwa kuuliza kwanza kama imemaliza kazi.

Kosa ni yangu, hapana yako. Patia moshi fasi pana.

Na ku kona ya tuyo usikate bipande na kusude, moshi itagonga-gonga. Jaza tuyo na muchanga, ziba mbele na nyuma, pasha moto, pinda polepole, haitajikunja. Lakini ukaange kwanza ule muchanga mu moto, ukauke kabisa: tone moja ya maji ikibaki mule, inapasua tuyo na mutu mwenye kuishika.

Ile maneno nilisema ku matanga, nilisema na huzuni, na ilikuwa mubaya. Ninaitosha, kama vile sikuisema.

Tata yako,
Badibanga


Kolwezi, tarehe 30 mwezi wa kumi 1987

Tata yangu,

Jambo mara mingi! Mama Asia anapika bugali na mukono ileile ilivunjika, anakusalimia.

Nilimusomea Alfani barua yako. Akasema: "Huyu muzee ameeleza. Kamata gari." Nikapinda tuyo zote mbili, 63 na 76, na muchanga mukavu. Tukapakia mifuko kumi ya bunga, tukapanda kilima moja, yeye na usukani, mi na saa. Na 45, mbele ya kuitosha: dakika mbili na segonde makumi ine. Na 63: dakika moja na segonde makumi tano. Na 76: dakika moja na segonde makumi ine na nane.

Uliona? Kutoka 45 kuenda 63, ni gari ingine. Kutoka 63 kuenda 76, segonde mbili tu. Ni kama bantu banatoka mu kanisa: mulango ikitosha bote, kuipanua tena haiongezi mbio. Na ile 76 inagonga esie, chuma ya kushika magurudumu, ku mashimo ya njia. Nikabakiza 63.

Alfani alienda Sandoa, akarudi. Hakuna kitu ilikuwa myekundu. Tarehe 20 ya mwezi unaokuya atapita Lubudi. Panda naye, ukuye kuona na macho yako.

Mutoto yako,
Kabedi


Lubudi, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1987

Mama Kabedi,

Nilirudia nyumbani muzuri. Majirani banauliza kila siku nilikuta nini Kolwezi, na mi ninakosa fasi ya kuanzia.

Ku kilima, mu gari ya Alfani, nilisikia ile gurudumu inaimba, sauti nyembamba sana, inapanda, inapanda, na ghafla gari inatusukuma ku mugongo kama mukono ya mutu. Nilimuomba Alfani asimame. Nikazunguka nyuma, nikaweka kiganja mu moshi. Ilitoka polepole, bila kelele. Niliona mashini mingi mu maisha yangu. Sijaona kitu ya kuniogopesha na kunifurahisha mara moja namna ile.

Halafu dereva mumoja wa njia ya Dilolo aliingia ku atelier yako, mukubwa kama mulango. Akanipita mi, akaenda kwako, akatosha kofia. Ukagusisha chuma ku motere yake, ukaweka ngambo ingine ku sikio, ukasikiliza, ukamuambia ugonjwa. Mi nilikuwa nimeikala ku pipa. Sikujua kama ule ni mutoto yangu ao ni nani.

Minakuomba kitu moja, na unaweza kukataa. Mu shamba kaka yako Mbuyi anatosha. Mi ningali na macho, mikono haitetemeke. Unipatie fasi mu atelier yako. Hapana kama mukubwa. Kama mutu anayekuya kujifunza.

Tata yako,
Badibanga


Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1987

Tata,

Barua yako nilisoma nimesimama. Nilifunga mulango ya atelier, nikalia, kisha nikaifungua tena, juu bantu balikuwa banangoja.

Kuya. Kitanda iko tayari. Jana iliingia kamiyo moja, turbo yake ni kubwa kama chungu ya kupika maharagi ya karamu, na tuyo yake hakuna. Upana gani, sijue. Sikupima bado. Nimesema hakuna mutu aiguse mbaka ufike.

Mutoto yako,
Kabedi