Magoti Yangu Hayamo Kwenye Mkataba

Jumanne, Bariadi. Joto la kunata. Mawingu yamejikusanya upande wa Maswa tangu mchana na hayajatoa kitu. Nina hasira, na mimi si mtu wa hasira. Mimi ni mtu wa kuogopa.

Naandika hapa kwa sababu nikisema nyumbani, mama ataniambia nishukuru nina kazi.

Nashukuru. Mama anakumbuka enzi za duka moja la serikali, karani akimrushia mche wa sabuni bila kumtazama usoni, naye anasema asante. Siku hizi mtaa wetu una maduka matatu ya kampuni za simu, na sote tunamgombania mteja yuleyule. Nilipoajiriwa katika mojawapo nilifurahi kwa dhati. Niliamini kumhudumia mtu vizuri ni jambo la heshima. Bado naamini, na ndiyo maana nimekasirika.

Jana alifika meneja wa kanda, mtu nadhifu anayeongea kama anasoma tangazo. Alinikuta nimempigia magoti bibi mmoja anayeuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni. Kwetu Usukumani msichana humsalimia hivyo aliyemzidi umri, sikuwa nafanya maajabu. Meneja akapiga makofi.

Leo asubuhi akaja na vimkeka viwili vya mpira vyenye rangi za kampuni. Akatangaza kwamba kuanzia sasa sisi wasichana tutampigia magoti kila mteja anayeingia.

"Na mimi?" akauliza Masanja, karani mwenzetu.

"Wewe tabasamu."

Akasema wapinzani wetu hawana kitu kama hiki. Alisema "kitu".

Nilitaka kukataa. Niko kwenye kipindi cha majaribio, na kauli yake moja inatosha kunirudisha nyumbani. Nikapiga magoti.

Wa kwanza alikuwa Shija, dereva wa bodaboda niliyesoma naye, mdogo kwangu. Alikuja kununua vocha. Aliponiona chini alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Minza, inuka bwana. Watu watasema nimekuoa na mahari sijatoa."

Masanja alicheka. Mimi masikio yaliwaka moto. Aliyefuata ni kijana wa miwani ya jua, na yeye alipenda. Alimwita rafiki yake aliyekuwa nje, akataka nirudie ili naye aone. Nilimtazama meneja, nikitumaini atasema inatosha.

Alinitikisia kichwa nirudie.

Nikarudia.

Nilipoinuka ndipo nilipomwona bibi wa michembe. Alikuwa ameketi kwenye benchi, na sijui alikuwa hapo tangu lini. Bibi huyu huja kwetu mara kwa mara kwa shida ileile: wajukuu huchezea simu yake mpaka inanyamaza, halafu mwanawe aliyeko Geita anapiga wee, mama hasikii. Mimi huirudishia sauti, kisha naipigia ili aisikie ikilia. Yeye hucheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Jana nilimtengenezea, na usiku wajukuu wameshaivuruga tena.

Zamu yake ilipofika nilipiga magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma. Sikukumbuka hata kile kimkeka.

"Mwangaluka, bibi."

Siku zote hunishika mkono, akaniuliza habari za mama, za ng'ombe, za mvua. Leo mikono yake ilibaki ndani ya khanga.

"Inuka, mwanangu. Hiyo umeshampa yule wa miwani."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenigombeza. Meneja naye, simu mkononi, akasogea.

"Bibi, mtazame kidogo dada, nipate picha."

Bibi alijitwika kikapu chake akatoka. Simu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga, kimya vilevile.

Meneja alisema wazee wengine ni wagumu. Kisha akamkaribisha mteja mwingine.

Sasa niulize, maana pale kazini sikuweza. Hiyo ndiyo huduma bora? Mteja ameondoka na shida aliyokuja nayo. Mwanawe atapiga simu usiku huu na hatapokelewa. Tulichokuwa nacho cha kumpa bibi ni subira na dakika chache za kumsikiliza, na meneja hakukiona, kwa sababu hakipigiki picha. Aliona magoti tu. Magoti yale ni ya bibi, ni ya mama, ni ya kila mkubwa aliyenilea. Hakuna aliyemruhusu kuyagawa mlangoni kama vipeperushi. Nimeusoma mkataba wangu upya jioni hii, kila mstari. Hayamo.

Nimeandika aya hiyo. Nimeifuta, nimeirudisha.

Kesho asubuhi nitapita sokoni kwanza. Nitamtafuta kwenye michembe yake, nimsalimie palepale vumbini, bila kimkeka na bila mtu wa kupiga picha. Mkono akinipa au asinipe, nitaiomba simu yake niirudishie sauti. Sitaondoka mpaka nimeisikia ikilia.

Nitachelewa kazini, mimi ambaye sijawahi kuchelewa.

Mteja akifika kabla yangu, meneja na apige magoti yeye.