Riwaya ya Polisi Iliyomsemesha Mama Riziki

Mjukuu wangu Neema,

Huku kambini Dzaleka tuko bazima, babu yako anakusalimia sana. Vitabu ulivyotuma toka Lilongwe nimevimaliza. Kile cha mapenzi ni kitamu, lakini kinayeyuka upesi kama bonbon. Cha historia kina ukweli, ila mwandishi anajisifu. Cha polisi njo cha kwanza.

Unauliza kwa nini mi napenda vya polisi? Tulipokimbia vita vya Kongo, hapa kambini niliwasomea bamama riwaya moja. Mama Riziki, wa Fizi kule kwetu, hakuwa amesema neno tangu afike. Mjane wa kitabuni alipokamatwa kwa kumuua bwana yake, Mama Riziki akaruka: “Hapana! Ule mama hakuua!”

Tulibishana naye mpaka nsima, ugali wa huku, ikaungua motoni, na hakuna aliyelalamika.

Mungu akutunze,
Koko wako