Binti Yangu Kafurahi Nimeanguka

Mshauri mpendwa, nakuandikia nimekalia upande mmoja maana upande wa pili unauma, na nikikueleza utacheka, cheka tu, hata mimi najicheka nikiwa peke yangu.

Nina binti, kitinda mimba wangu, na simsifu kwa kuwa nimemzaa mimi ila kichwa anacho, mimi niliishia darasa la saba lakini yeye anatunza kompyuta kubwa za kampuni, zile wanaziita seva, na wala hazigusi kwa mkono, ziko mbali huko, yeye yuko chumbani kwake mji mwingine na kikombe cha chai, anaandika amri moja tu inakwenda kwa zote kwa pamoja, kila moja inajikagua, imejaa kiasi gani, ina joto gani, halafu inarudisha jibu, nzima au inaumwa. Mtaa wote unajua, nimewaambia hata wasiouliza, mpaka wananiita Mama Seva.

Basi na mimi nikaiga, asubuhi, mchana na jioni namtumia ujumbe, "Mzima? Umekula?" na kabla sijaweka simu chini jibu limefika, "Nimefurahi kukusikia, mama. Mimi mzima, nimekula." Nikawa namwonyesha jirani yangu fundi cherehani, ambaye wanawe hujibu wakipenda, namwambia, "Ona mtoto aliyelelewa!"

Juzi nikateleza bafuni. Jirani akaja kuninyanyua, nikamwambia subiri kwanza nimwandikie mwanangu, uone atakavyochanganyikiwa. Nikaandika, "Nimeanguka, siwezi kuinuka."

Papo hapo: "Nimefurahi kukusikia, mama. Mimi mzima, nimekula."

Jirani akaniachia mkono. "Shoga, mwanao kafurahi umevunjika kiuno, tena kashiba!"

Nikaandika nyumba inaungua. Akafurahi tena. Ndipo nikaelewa anayenijibu ni mashine, kaitega mwenyewe, sijui tangu lini, na kinachoniuma kuliko kiuno ni kwamba sasa sijui kama mwanangu kweli mzima na kweli amekula. Nimfokee au ninyamaze?

Mama Seva

*

Mama Seva, pole ya kiuno. Ya mdomo sikupi.

Barua ndefu yote hii, na hakuna mahali umesema ulimpigia simu! Umemwandikia mshauri usiyemjua kabla ya kumsikia uliyemzaa. Binti kakosea, na umwambie hivyo: mama hategewi jibu. Lakini na wewe, swali lile lile kutwa mara tatu, ulitaka akujibu mashairi? Muulize kazi yake vizuri. Mashine inaweza kusema "nzima" na huku imekwama, kwa hiyo wenye akili hawaishii kuiuliza kama i hai, huipa kakazi kadogo waone kama inakafanya.

Mpigie leo. Usimuulize kama amekula, muulize amekula nini, na nani. Asipopokea, funga kiuno hicho hicho, panda basi umfuate. Akipokea, mwambie umeanguka, kisha nyamaza usikilize.

Na akilia, usimwite jirani aje kuona.